Betri ya Chwaka

Usi hakushuka garini. Mwanawe analetwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanapokezana miguu ya kitanda kwenye kile kijia cha mawe makali kinachotoka majumbani, mvua ya masika inawapiga usoni, na yeye baba mtu kakaa kitako nyuma ya usukani, mguu kaukandamiza juu ya mafuta, hathubutu kuunyanyua. Gari linanguruma pale barabarani na kutikisika kama mtu mwenye homa.

Lisingefika nyumbani hata angetaka. Lilikuwa gari refu, tumbo lake limeshuka chini, limetengenezewa njia za lami za huko Ulaya. Mawe ya Muyuni yangelipasua kabla halijafika kwenye nyumba ya kwanza. Kwa hivyo mgonjwa wa Muyuni alilifuata gari, gari halikumfuata yeye.

"Jamani, huyu si ndiye babake?" akauliza mwanamke mmoja aliyejikinga mvua kwa jani la mgomba.

"Ndiye."

"Basi mbona hashuki?"

"Dereva wa Serikali huyo. Serikali haikanyagi tope."

Wenzake wakaguna. Usi alisikia. Alikuwa na la kujibu, lakini ukianza kujibu mambo kama hayo utayamaliza wapi? Akageuza uso upande wa pili.

Mkewe Mashavu alikuja mbio, kanga zimemganda mwilini kwa mvua, akashika mlango wa gari kama anayetaka kuung'oa.

"Baba Mwatum, shuka umshike mwanao kichwa!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Una mguu mbovu?"

"Nkiondoa mguu litakohoa lizime. Na likizima haliwaki tena, Mashavu. Betri imekufa."

"Gari jipya hili betri imekufa? Si wewe mwenyewe uliyekuja hapa ukatwambia lina betri mbili?"

Ni kweli aliwaambia. Aliwaambia kwenye baraza, siku aliyokuja kula nao Idi, watu wamemzunguka, na akatanua mikono kuwaonesha ukubwa wake.

Basi mambo ya betri hiyo yalikuwa hivi.

Gari lilikuja mwaka ule Waingereza walipomtawaza malkia wao. Lilishushwa bandarini, jeupe pe, limechorwa mwezi mwekundu wa hospitali ubavuni, na wakubwa wakaenda kulitazama na kofia zao. Usi akapewa kazi ya kulifungua milango. Mzungu mkubwa wa mambo ya magari, ambaye kila mtu akimwita Bwana Mkubwa tu, akawaeleza wenzake huku anapiga bati kwa kiganja. Betri moja huku mbele, kazi yake kuwasha mashine. Betri ya pili kule nyuma, chini ya kitanda cha mgonjwa, hiyo ni ya mgonjwa peke yake: taa ya kumtazamia, panka la kumpepea, na kimashine cha kuvuta makohozi na maji yanayomziba mtu pumzi. Gari likizimwa, likiharibika, likikaa kutwa, mgonjwa ana taa yake na upepo wake. Walioliunda walikuwa watu wenye akili, huwezi kuwakatalia. Ila madirisha ya nyuma waliyatia kioo cheupe kama maziwa, hayafunguki, maana kwao kuna baridi. Na tundu la kutilia hendeli, kile chuma cha kuwashia mashine kwa mkono, hawakuweka. Wakasema hendeli ni mambo ya zamani.

Panka lile lilipozungushwa watu walipiga makofi.

Halafu Bwana Mkubwa akapata nyumba ya kupumzikia huko Chwaka, pwani, na Chwaka hakuna umeme. Alikuwa na redio. Redio inataka betri, na taa ya barazani inataka betri. Msimamizi wa magari, Masoud, mtu wa mjini hodari wa maneno, mwenye kutembea na kalamu sikioni hata kama haandiki, akamwita Usi gereji.

"Usi, fungua ile ya nyuma, ipeleke Chwaka."

"Ile ya mgonjwa?"

"Mgonjwa yupi? Wewe unamwona mgonjwa humu?"

Na kweli saa ile gari lilikuwa tupu.

Ikafunguliwa. Nyaya zote za nyuma zikarudishwa kwenye betri ya mbele: taa, panka, mashine ya kuvuta, zote zikawa zinanyonya titi moja. Na redio ya Chwaka ikiinywa ile betri ikaimaliza, kwani kule itajaziwa wapi? Ikawa kila ikichoka Usi anatumwa kwa gari lile lile la wagonjwa, anafungua betri nzuri ya gari, anaiacha Chwaka, anafunga iliyochoka na kurudi nayo, ipate kujaa njiani. Ikijaa, inarudi Chwaka. Mpishi wa kule alikuwa akimtania: "Karibu dokta! Redio yetu leo inaumwa, haina sauti." Usi akicheka. Alipewa chai ya maziwa na kipande cha keki, akala.

Jana ya siku hii ya Muyuni alikuwa huko huko. Aliibeba nzuri kwa mikono yake mwenyewe, akaipandisha ngazi za baraza, akaiweka pale panapowekwa.

Na asubuhi ndipo ilipokuja simu kutoka kwa mudiri, msimamizi wa Serikali huko kusini: mzazi wa mimba ya kwanza, Muyuni, uchungu umemchukua tangu juzi, mtoto kakaa vibaya. Jina la mzazi Mwatum binti Usi. Alikuwa kaolewa Bububu, lakini mimba ya kwanza mtu hurudi kwao akazalia kwa mamake, ndiyo ada, na mamake alikuwa Muyuni.

"Ni mwanangu, bwana," Usi alimwambia Masoud.

"Basi una bahati! Wengine huwaendeshea watoto wa wenzao." Alipoona Usi hacheki akakunja uso kidogo. "Nenda, nenda. Unangoja nini?"

"Betri, bwana. Iliyomo ni ile ya Chwaka. Nipe ruhusa nipitie kwanza kule nichukue..."

"Leo Jumamosi, Usi. Bwana Mkubwa anakwenda na wageni. Unataka akae kizani na wageni wake? Litasukumwa hapa, litawaka, uende usilizime mpaka urudi. Jambo dogo hilo. Usizime tu."

Wafagiaji wa uwanja wakalisukuma kwenye lami, likawaka. Ndivyo lilivyokuja Muyuni, na ndivyo Usi alivyokaa pale mguu haunyanyuki, huku mwanawe anapandishwa nyuma na watu wengine.

Kumpandisha nako kulikuwa kazi. Mlango wa nyuma uko juu, na kitanda cha gari ni cha chuma, kina magurudumu madogo ya kupita kwenye sakafu. Ukikiteremsha kwenye tope kinazama. Ikabidi Mwatum atolewe kwenye kitanda cha kamba mikononi mwa watu, aingizwe kama gunia, na mamake nyuma anamziba kwa kanga watu wasimwone. Mashavu akaingia naye, na mkunga wa hospitali aliyekuja na gari, Bi Wanu, mwanamke mnene wa mtaa wa Ng'ambo mjini, asiye na maneno mengi. Mlango ukabamizwa.

"Twende," Bi Wanu akasema kwenye kidirisha kilicho kati ya dereva na mgonjwa. "Twende, na usitutikise."

Kutoka Muyuni mpaka Kitogani njia yote ni kutikisika, utafanyaje? Usi aliendesha kama aliyebeba mayai. Mashine ilikuwa inapiga kelele kubwa, na alishukuru. Mwanamume hakai karibu na nyumba ya mzazi. Hata Mwatum mwenyewe alipozaliwa, Usi alikuwa kaenda zake kondeni, akaja kuitwa baadaye. Sasa yuko hatua moja na mwanawe, bati jembamba tu katikati. Akaomba mashine izidi kelele.

Walipoingia msitu wa Jozani kiza kikawa kama magharibi, na mvua ikazidi. Akawasha taa za mbele. Akawasha vifagio vya kioo. Kila alipowasha kitu aliiona taa ya nyuma, kule kidirishani, ikinywea na kugeuka rangi ya chungwa.

"Bi Wanu! Zima panka."

"Unasemaje?"

"Panka! Linakula moto wote. Lizime."

Alijibu Mashavu, si mkunga. "Njoo ukae wewe humu panka likiwa limezimwa! Madirisha hayafunguki, bati linachemka, mwanao hana pumzi. Njoo ukae!"

"Mashavu, nisikilize..."

"Sikusikilizi! Nlikusikiliza siku ya Idi!"

Panka likaendelea. Baadaye, walipopita Tunguu, ikasikika mashine ya kuvuta nayo inalia, nguu, nguu, nguu, halafu ikanyamaza, halafu ikalia tena. Hakuuliza inamvuta nani nini.

"Bado mbali?" Bi Wanu akauliza.

"Fuoni ile, karibu tunafika. Vipi hali?"

"Wewe endesha."

Jibu la mkunga likiwa fupi namna hiyo, mtu ana akili ya kufahamu. Usi akakanyaga mafuta. Njia ilikuwa imenyooka, minazi huku na huku, na aliona kwa mara ya kwanza siku ile kwamba watafika. Akaanza hata kupanga atakavyoingia getini, atakavyopiga kengele, Masoud atakavyotoka ofisini na kalamu yake.

Pale Fuoni, kwenye kijia cha msikitini, jeneza likatokea.

Lilikuja juu ya mabega ya watu, limefunikwa shuka ya kijani, watu wengi nyuma yake kanzu zimelowa mpaka magotini, wanakwenda mwendo ule wa haraka wa kumpeleka maiti, wanakariri, "La ilaha illa Llah, La ilaha illa Llah." Wakaingia barabarani mbele ya gari.

Mtu wa Unguja akikutana na jeneza hufanyaje? Mwenye baiskeli hushuka. Aliyekaa barazani husimama. Mwenye gari husimamisha gari, akazima mashine, maana kumngurumia maiti ni utovu wa adabu, na wazee wako hawakukulea hivyo. Usi alikuwa anaendesha tangu ujana wake, na majeneza aliyokutana nayo hayana idadi, na kila mara mkono wake ulifanya jambo moja. Haukungoja kuambiwa. Ulikwenda kwenye ufunguo, ukageuza.

Gari likanyamaza.

Kwanza alisikia mvua juu ya bati. Halafu wale wanaokariri. Halafu, kwa nyuma yake, karibu kabisa na shingo, akaisikia sauti ya mwanawe. Haikuwa ukelele. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayesema na nafsi yake, "Ah, mama. Ah, mama. Ah, mama."

Ndipo alipoutazama mkono wake.

Akageuza ufunguo. Kitu kikasema tk, basi. Akageuza tena, hata tk hapana. Panka lilikuwa linazunguka polepole, ukiweza kuyahesabu majani yake, halafu likasimama. Taa ikafifia, ikawa kama kaa la moto linalokwisha, ikazimika.

"Usi," akaita Bi Wanu, sauti yake ndogo sasa. "Usi, nini?"

"Limezima."

"Limezima, au umelizima?"

Usi akafungua mlango. Akashuka. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kukanyaga tope. Akawakimbilia wenye jeneza, kanyoosha mikono.

"Jamani! Jamani, nisaidieni! Nna mzazi ndani!"

Wakasimama. Jeneza halisimamishwi ovyo, na wazee wakaanza kunung'unika, lakini kijana mmoja aliyekuwa mbele, macho mekundu, akatoa bega akampa mwenzake.

"Mie Gharib. Huyu ni baba yangu," akaonesha jeneza kwa kidevu. "Kuna nini, mzee?"

"Gari limezima. Lataka kusukumwa."

Gharib akalitazama gari, akalitazama jeneza. "Makaburi pale pale, nyuma ya minazi. Wengine wende na jeneza, wengine tusukume. Mzee wangu hana haraka sasa."

Wakasukuma. Watu wazima, wenye nguvu, wavua samaki na wachukuzi wa karafuu. Wakaweka mabega, wakapiga "harambee," na gari likaenda kidogo, magurudumu yakachimba, tope likawarukia usoni. Usi akaingiza gia, gari likatikisika, likakohoa mara moja, likasimama. Wakarudia. Likarudi kukohoa. Mara ya tatu halikukohoa tena, likawa linaburuzwa tu kama maiti ya ng'ombe.

"Hebu hendeli, mzee!" mmoja akasema. "Tia hendeli tulikoroge!"

"Halina tundu la hendeli."

"Gari gani hili?"

"Jipya."

Yule mtu akacheka, akaona aibu ya kucheka, akajifuta tope.

Bi Wanu alikuwa kafungua milango ya nyuma ili hewa iingie, na mvua ikaingia nayo. Alishuka mikono imelowa damu mpaka kwenye viwiko, akamvuta Usi pembeni.

"Sikiliza. Mtoto katanguliza mkono. Mie sina la kufanya humu, kiza, na mashine ya kuvuta imekufa. Anataka kisu cha daktari. Akikaa hapa, wote wawili."

"Wote wawili nini?"

"Usinitie kusema, Usi."

Gari la abiria lilikuwa limeshapita asubuhi. Kulikuwa na gari la ng'ombe kwa mtu mmoja, lakini ng'ombe kwenye tope lile angefika Jumapili. Kitanda cha chuma cha gari walijaribu kukibeba. Kizito, hakina pa kushika, mabomba yake yanawakata viganja, na kila wakipiga hatua kinapinduka.

Wakati huo wale wa makaburini wakarudi. Walizika haraka kwa ajili ya mvua. Wanarudi na jeneza tupu begani, shuka ya kijani imekunjwa juu yake, wanalirudisha msikitini.

Hakuna aliyelisema kwanza. Walilitazama tu. Jepesi, la mbao nyembamba, mikono yake mirefu imelainika kwa mabega ya watu, na hakuna mwanamume pale asiyejua kulibeba.

"La," akasema Mashavu. Alikuwa ndani ya gari, kichwa cha mwanawe kakipakata. "La, la, la. Mtu hai hapandi jeneza. Mnataka kumwitia nini mwanangu?"

"Bi mkubwa," akasema Gharib, "hatuna kitu kingine."

"Limetoka kumlaza maiti sasa hivi!"

"Baba yangu. Alikuwa mtu mwema."

"Hata angekuwa walii! Baba Mwatum, sema nao! Nyamaza hivyo hivyo! Kazi yako kunyamaza!"

Usi alifungua mdomo. Lakini aliyesema ni Mwatum.

"Mama, wanipandishe."

"Mwanangu..."

"Wanipandishe, mama. Mie nshachoka."

Wakampandisha. Mashavu alivua kanga yake moja akaitandika, na juu wakamfunika kwa ile shuka ya kijani, maana mvua ilikuwa haisiti na mwanamke hawezi kupitishwa mbele za watu vile alivyokuwa. Usi akaingia chini ya mkono wa mbele. Bega lake likapata lile bonde lililochimbwa na mabega ya wengine. Wakaondoka mbio.

Nyuma yao gari jeupe lilibaki katikati ya njia, milango wazi.

Walikwenda, wanapokezana, bila kusema, wanasikiliza. Mara wakiisikia ile "ah, mama," na wakiisikia wanaongeza mwendo. Mashavu na Bi Wanu wanakimbia ubavuni, kitu ambacho wanawake hawafanyi, na watu wa majumbani walipoona wanawake wanafuata jeneza walijua hapo pana msiba mkubwa. Wakatoka kuwasaidia. Kila mtaa waliopita watu walitoka, mtu anaweka bega hatua chache kutafuta thawabu, anampa mwingine, na hakuna anayeuliza, kwani jeneza mtu haulizi. Na hao waliojiunga, wasiojua, wakaanza kukariri kwa sauti kama ilivyo ada: "La ilaha illa Llah! La ilaha illa Llah!" Sauti zikawa nyingi. Usi hakuweza tena kumsikia mwanawe.

"Yu hai!" alikuwa akisema. "Jamani, yu hai huyu!" Lakini pumzi alikuwa hana, na watu mia wanakariri.

Pale njia ya Chwaka inapokutana na ya Fuoni, motokaa nyeusi ilikuwa inakuja kutoka mjini. Dereva wake aliona jeneza, akasimamisha, akazima mashine. Kwenye kiti cha nyuma walikuwamo Bwana Mkubwa na bibi mmoja wa Kizungu na kikapu cha chakula mapajani. Bwana Mkubwa alifungua mlango, akashuka kwenye mvua, akavua kofia, akaishika kifuani. Alikuwa anajua ada za watu, na watu walikuwa wakimsifu kwa hilo.

"Bwana!" Usi akapiga kelele. "Bwana Mkubwa! Ni mie, Usi! Gari, Bwana! Tupe gari!"

Alitoa mkono chini ya jeneza akaupunga. Bwana Mkubwa alimwona mtu kalowa tope uso mzima, anapunga mkono kwa huzuni yake. Akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima. Jeneza likapita. Usi hakuweza kuliachia, wa nyuma yake wanamsukuma kwa mwendo. Alipofika pa kugeuza shingo, motokaa ilikuwa imeshawaka, mara moja tu, bila taabu, na kushika njia ya Chwaka.

Walifika hospitali adhuhuri imekwisha. Bawabu wa getini aliwaona tangu mbali, akatoka kibandani na mwavuli.

"Simameni, simameni! Jeneza haliingii hapa. Mlango wa nyuma, kule kwa maiti. Nendeni mkazunguke."

"Ni mzazi," akasema Bi Wanu. "Wanijua mie, nifungulie."

"Nakujua, Bi Wanu, lakini jeneza ni mlango wa nyuma. Wagonjwa wakiliona watasemaje? Amri hiyo si yangu."

"Amefunikwa kwa sababu ya mvua tu! Yu hai huyu, anapumua!"

Bawabu akatazama shuka. Haikutikisika. Akamtazama Bi Wanu kama anayemwonea huruma.

Ndipo Mashavu akaifunua shuka mbele za watu wote, kitu asichokubali kutwa nzima. Mwatum alikuwa kafumbua macho. Midomo yake myeupe. Wale waliokuwa wakikariri wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, na nyuma kabisa kuna aliyeendelea peke yake kwa muda.

Geti likafunguliwa, nusu. Watumishi wakaja, wakamchukua mikononi, Bi Wanu na Mashavu wakaingia naye, na ule mlango wa bembea wa ndani ukafunga, ukafunguka kidogo, ukafunga.

Usi alibaki uwanjani. Masoud akatoka ofisini, anaruka madimbwi asije akachafua viatu.

"Gari liko wapi?"

"Fuoni."

"Fuoni linafanya nini?"

"Limezima, bwana."

"Limezima lenyewe?"

"Nlilizima. Maiti ilikuwa inapita."

Masoud akamtazama. "Mie nilikwambia nini asubuhi? Usi, nilikwambia nini?"

"Nisizime."

"Basi. Kumbe ulisikia." Akatazama huku na huku, akamkaribia, akamwekea mkono begani, juu ya tope, na sauti akaishusha ikawa kama ya ndugu. "Pole na mwanao. Mungu atamjaalia. Ila ukija kuulizwa habari ya betri, gari hili lilikuja na betri moja. Unafahamu? Moja. Wewe ni mtu wa miaka mingi kazini, sitaki kukuona unahangaika."

Usi alisema, "Naam."

Lilimtoka tu, kama linavyomtoka mtu aliyeitwa. Masoud akamgusagusa bega, akarudi, akajipangusa kiganja kwa leso.

Mvua ikapungua. Ukumbini, nyuma ya ule mlango, ilikuwa kimya. Watu wanapita mbio, hawatazami upande. Wale watu wa mitaani walitawanyika. Walibaki wa Fuoni, wamechutama ukutani, wamechoka, kanzu za mazishi zimegeuka rangi ya udongo, na katikati yao jeneza limewekwa juu ya majani, kanga ya Mashavu imo ndani bado.

Gharib akaamka, akaja akasimama ubavuni kwa Usi.

"Mzee," akasema taratibu, "usinielewe vibaya. Hili ni la msikiti, na lipo hili hili moja. Tulirudishe, au tungoje?"

Usi aliutazama ule mlango.